Unywele Chini ya Kurasa

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na manyunyu ya Aprili yalikuwa yakiulowesha mji wa Davenport. Maren, msichana wa miaka kumi na miwili, aling'oa unywele mmoja kichwani mwake, akaulaza mezani na kuufunika kwa kurasa za kitabu chakavu cha namba za simu.

"Tayari, Mama."

Joleen, mama yake, alifumba macho akapapasa karatasi kwa ncha za vidole. Alikuwa akisomea tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, na wanafunzi wa tiba hiyo hujizoeza hivyo: anayeuhisi unywele chini ya kurasa ataihisi pingili chini ya ngozi. Sambamba na mafunzo hayo, alikuwa akikamilisha shahada ya biolojia. Jumatatu alikuwa na mtihani wa kupapasa, na siku hiyohiyo alitakiwa kuwasilisha ripoti ya jenetiki. Akianguka mtihani, angerudia muhula mzima.

"Uko hapa," alisema Joleen.

Haukuwa hapo. Maren aliyatazama macho mekundu ya mama yake.

"Umepatia!"

Wiki nzima alikuwa akimjibu hivyo, ili mama amalize upesi na kurudi kwenye ripoti.

Mara mlango ukagongwa. Aliingia Odell, mwanafunzi mwenzake Joleen, aliyewahi kuwa dereva wa lori, akiwa na bakuli la viazi vya kuoka.

"Haya, tujaribu. Ningetoa unywele wangu," alisema akijipapasa upara, "lakini shamba hili lilishavunwa!"

Maren alitoa mwingine. Odell akauficha mwenyewe. Joleen akakosa. Akakosa tena.

"Vipi, mwenzangu, umevaa glavu? Hata mbwa wangu angeshaupata!"

"Nyumbani huwa sikosei," alisema Joleen kwa mshangao. "Muulize Maren."

Uso wa Maren uliwaka moto.

"Ulikuwa unakosa, Mama. Nilikudanganya. Nilikuonea huruma, unachoka mno."

Joleen aliondoa mkono kwenye karatasi. "Kumbe ningeingia mtihanini kifua mbele, sijui kitu!"

"Siku mbili si haba," alisema Odell. "Na wewe unabonyeza kama unayekanda unga. Legeza mkono."

Wakaanza upya. Safari hii Maren hakumpendelea mtu.

"Umekosa. Umekosa tena, Mama."

"Mtoto huyu hana huruma hata chembe!" alicheka Odell.

Hatimaye kidole cha Joleen kilisita.

"Hapa."

"Umepatia."

"Kweli?"

"Kweli tupu."

Jumatatu alasiri Joleen alirudi akitabasamu. Alikuwa amefaulu, na ripoti ilikuwa imepokelewa. Alimketisha Maren kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Biolojia inanifundisha mwili unavyofanya kazi, na mafunzo yale yananifundisha kuugusa. Lakini nikifichwa makosa yangu, siku moja nitamuumiza mtu aliyeniamini. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli, kisha umsaidie."

"Nimeelewa, Mama. Basi leo nitapika mimi."

Jioni hiyo Odell alimpeleka mbwa wake matembezini. Maren alikaanga mayai, akaosha vyombo. Joleen alikula, akavua viatu, akalala mapema.