Kansa Haikai Kwenye Sahani

Jumapili za zamani kwa Madame Marie-Thérèse zilikuwa na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wa Bukama. Watu walitoka kanisani na njaa yao. Mkeka ulitandikwa barazani, na katikati ikawekwa sahani moja kubwa ya bati iliyojaa bukari, ugali wetu. Kila mtu alinawa mikono, tukala pamoja: wajukuu, wageni, hata sisi majirani tuliojidai tunapita tu. Mimi nilipita sana siku za Jumapili.

Madame alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kamina. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Wajukuu wake walimwita Kambo, yaani bibi. Sisi tuliopita darasani kwake tunamwita Madame mpaka leo, ingawa ndevu zetu zina mvi. Nazikumbuka Jumapili zile kwa furaha, na kwa uchungu pia, maana kuna mwaka zilikatika.

Mwaka huo Kambo aligusa uvimbe kwenye titi lake. Ulikuwa mdogo na mgumu, na haukuuma. Mwanawe Jéthro, ambaye ni karani, alimpeleka Lubumbashi kwa treni. Madaktari, au banganga kama tunavyosema hapa, walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipima. Jibu likawa saratani, ambayo sisi tunaiita kansa. Wakamwambia arudi nyumbani ajitayarishe, kisha aje kuanza matibabu.

Habari ikafika kwa jirani yao Kabedi. Kabedi alizaliwa Bukama, kando ya mto Lualaba, na kule kolera iliwaua dada zake. Kwa hiyo aliyajua mafundisho ya kolera kuliko sisi sote: nawa mikono, tumia maji safi, osha vyombo vya mgonjwa kwa maji ya javel, ile dawa ya kuua vijidudu. Ni mafundisho mazuri, yameokoa watu wengi. Ila safari hii Kabedi aliyapeleka mahali pasipo pake.

"Noémie," alimwambia mke wa Jéthro, "utengee Kambo sahani yake. Na kikombe yake. Uoshe na javel. Uko na batoto mu nyumba."

"Lakini munganga hakusema vile, mama Kabedi."

"Munganga hakuona kolera ya Bukama. Minyi niliona."

Noémie si mtu mbaya. Aliogopa, basi. Jumapili iliyofuata Kambo aliwekwa kwenye kiti karibu na mlango, na sahani ya plastiki ya rangi ya kijani mapajani. Wajukuu walikatazwa kumsogelea. Ndoo ya javel ilinuka mpaka barabarani. Nilikwenda kuketi karibu naye. Hakuna aliyecheka siku ile.

Ikafika wiki ya kusafiri. Jéthro alikuja na tiketi za treni, na Kambo akakataa kwenda.

"Mama, juu ya nini?" aliuliza Jéthro. "Banganga beko nakungojea!"

"Nitaenda kupona, kiisha nitarudia wapi? Ku kile kiti ya ku mulango?" Kambo hakupandisha sauti. "Mutoto yangu, siko naogopa kufa. Niko naogopa kukula yangu peke mpaka siku nitakufa."

Jéthro alitoka nje akalia kama mtoto. Alijua kwamba mama yake akikaa bila matibabu, ule uvimbe utammaliza. Alipofuta machozi, mimi na yeye tulikwenda kumtafuta Yasmina.

Yasmina ni muuguzi. Baba yake, mzee Ismaili, ni mfanyabiashara wa vitambaa, na ukoo wao ulitoka Maniema. Tulisoma naye darasa moja kwa Madame. Bado namwona akiwa msichana mdogo mwenye ushungi mweupe, mkono juu kabla swali halijaisha. Mwezi wa Ramadhani, Madame alimwacha akae kivulini wakati sisi tunakimbia uwanjani, na tulimwonea wivu kweli.

Yasmina alikuja mchana wa siku ile ile. Kambo alikuwa kwenye kiti chake na chakula mbele yake. Noémie na Kabedi walikuwa barazani. Yasmina aliwasalimu, akanawa mikono, akaketi chini karibu na Kambo. Kisha akakata tonge kwenye sahani ya kijani, akala.

"Yasmina!" Kabedi alishtuka. "Weye infirmière!"

"Njo maana niko nakula. Mama Kabedi, kolera inaletwa na nini?"

"Kadudu. Kanaingia mu maji, mu chakula."

"Njo vile. Kadudu kanatoka mu muntu moya, kanaingia mu mwingine. Kansa haiko vile. Kansa inatoka mu mwili ya muntu mwenyewe."

Akatueleza polepole. Ngozi, damu, mifupa, matiti, vyote vimejengwa kwa vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vinaitwa seli. Seli zilizochakaa hufa, na nyingine hujigawa ili kujaza nafasi. Ndani ya kila seli kuna maagizo yanayoiambia lini ijigawe, lini iache, lini ife. Maagizo hayo yakiharibika, seli inaweza kuendelea kujigawa bila kuacha. Zinazotoka kwake hubeba kosa lile lile. Zinarundikana, na uvimbe unatokea.

"Ni sawa na batoto mu darasa," Kambo alidakia, na kwa mara ya kwanza macho yake yakachangamka. "Naandika ku tableau. Wa mbele anakosea neno. Wa nyuma haangalii tableau, anakopia kwa mwenzake. Kiisha darasa muzima iko na ile kosa."

"Njo ile, Madame!" Yasmina akanitazama mimi, akacheka. Sijui kwa nini.

Si kila uvimbe ni kansa, akasema. Kansa ni uvimbe unaovamia sehemu za jirani, na seli zake zinaweza kusafiri kwa njia ya damu, zikaota mahali pengine mwilini. Ndiyo maana unawahiwa ukiwa mdogo.

"Na nani alileta ile kosa?" aliuliza Noémie. "Bengine banasema ni bulozi. Bengine banasema ni telefone Mama alikuwa naweka mu sutien, hapa ku kifua."

"Hapana bulozi, hapana telefone. Mara mingi ni miaka tu. Makosa inajikusanya pole pole, njo maana bakubwa banagonjwa kupita batoto. Iko bantu banazaliwa na kosa moya tayari, banaipata ku bazazi. Tumbako inaharibu seli, zaidi ya mapafu. Pombe pia, hata ya titi. Karanga yenye ukungu iko na sumu inaharibu maini. Lakini kwa Madame, hakuna muntu anaweza kusema ni hii ao ni ile. Hakukosea kintu."

Kambo aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa akijiuliza swali hilo kila siku.

Kabedi hakukubali upesi. "Minyi nilisikia virusi inaleta kansa. Na virusi inaambukiza!"

"Ni kweli," alijibu Yasmina. "Iko virusi ya maini, inapita mu damu na mu kulala pamoja. Mama anaweza kupatia mutoto kwa kuzaa. Iko ingine ya mulango wa kizazi, inapita mu kulala pamoja. Zote mbili ziko na chanjo. Lakini virusi njo inaambukiza, kansa yenyewe hapana. Na kansa ya titi haiambukizi ku sahani, ku kikombe, ku kukumbatia."

Kabedi alijifunga vizuri kitenge chake, akaenda zake. Noémie alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Alilia, akaomba msamaha. Kambo alimpangusa machozi kwa ncha ya kitambaa chake, akamwambia ainuke, bukari inapoa. Jioni hiyo alimwuliza Jéthro treni inaondoka lini.

Matibabu hayakuwa rahisi. Walimpasua, wakaondoa titi, kisha wakampa dawa kali kupitia mshipa. Alirudi Kamina amekonda, nywele zote zimekwisha. Anakwenda bado kupimwa, maana kansa hufuatiliwa. Lakini yuko hai, nywele zimeota, na barazani kwake kuna kelele tena. Mimi bado napita.

Asubuhi moja nilimkuta anachekecha unga. Kabedi aliingia. Alikuwa haonekani pale tangu siku ya Yasmina. Aliweka mkono juu ya titi lake.

"Kambo, minyi pia niko na kintu hapa."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu zamani, mbele ya weye kwenda Lubumbashi."

Kambo aliacha kuchekecha. "Na haukusema? Hata kwa Yasmina?"

"Niliogopa batanitenga," alisema Kabedi, na machozi yakamtoka. "Nilijua vile bantu batanifanya. Minyi njo nilibafundisha."

Kambo alikung'uta unga mikononi, akamshika Kabedi mkono, akaita ndani kwa sauti yake ile ya darasani:

"Noémie! Leta kitambaa yangu ya kichwa. Niko naenda na mama Kabedi kwa Yasmina. Leo, hapana kesho."