Sekunde Tisa za Mwisho

"Shemeji, kaa chini kwanza. Nimeupata utepe wenyewe."

Mshonaji alisimamisha cherehani. Aliyepiga simu alikuwa fundi mitambo wa redio, kijana mcheshi asiyeweza kusema jambo bila kulizungusha.

"Utepe gani?"

"Wa wimbo wako, 'Desemba Njoo Naye'. Miaka ishirini na miwili umejificha nyuma ya kabati. Leo saa kumi, kwenye mahojiano ya mumeo, tunaupiga mzima. Si unajua huwa unafifia mwishoni? Kumbe kwenye utepe haufifii. Kuna sekunde tisa watu hawajawahi kuzisikia."

Mshonaji akainuka kitini.

"Wewe umezisikia?"

"Thubutu. Najizuia ili nishtuke hewani na wenzangu."

"Shemeji, nakuomba usiupige."

"Usiniharibie Krismasi. Wimbo huu hata kuku wa jirani yangu wanaujua. Haya, mumeo yuko njiani."

Simu ikakatika. Ilikuwa saa tisa na robo.

Mshonaji alijua kilichokuwemo kwenye sekunde hizo. Wakati ule mchumba wake alikuwa dereva wa lori, wakimwita Mrefu. Alifariki barabarani wiki tatu kabla ya Krismasi, akija kumuoa. Mshonaji, wakati huo binti, akaandika wimbo kama barua isiyo na pa kupelekwa. Siku ya kurekodi, vyombo viliponyamaza, alidhani mashine imezimwa, akasema na marehemu.

Wimbo ukapendwa kupita kiasi. Kila Desemba ulipigwa saluni, madukani, harusini. Watu walisema unavyofifia ni kama mpenzi anayeondoka bila kuaga. Na mpiga kinanda wa siku ile, aliyekuja kumuoa baadaye, kila alipoulizwa na watangazaji alijibu akitabasamu: "Aliniandikia mimi." Mkewe hakumsahihisha. Mwaka wa kwanza alishindwa, wa pili akaona haya, baada ya hapo akaogopa. Leo mumewe angeumbuka mbele ya nchi nzima, na ndoa ingekwisha hapohapo.

Akaandika ujumbe: "Usiingie studio. Nisubiri nje."

"Kuna nini, mama watoto?"

"Nisubiri tu, tafadhali."

Hakujibiwa tena.

Alitoka mbio na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Ukumbi wa redio ulinukia rangi mbichi. Fundi hakuwepo, alikuwa amekwenda kumwita mtangazaji. Nyuma ya kioo, mumewe alikaa peke yake na vipokea sauti masikioni, amefumba macho. Utepe ulikuwa unazunguka.

Akausukuma mlango. Mumewe akavivua vile vipokea sauti taratibu.

"Umesikia?" mkewe akauliza.

"Nimesikia."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Baba watoto, nilikuwa nimefiwa. Wewe hata jina lako sikulijua. Ukinifukuza nitaondoka, ila usiyaseme hewani, watoto wako nyumbani wanasikiliza."

"Nikufukuze kwa maneno niliyoyasikia kabla sijakuoa?"

"Unasemaje?"

"Nilikuwa kwenye kinanda, hatua mbili kutoka kwako. Ulisema, 'Mrefu, shati lako nimeshalipiga pasi.' Ulipokwenda kunawa uso, nikamwomba fundi wa wakati ule aushushe wimbo sauti kabla ya hapo. Nilimwambia kilio cha mtu hakiuzwi."

Mshonaji akavuta kiti akaketi.

"Miaka yote ulijua. Mbona unawaambia uliandikiwa wewe?"

"Mtangazaji wa kwanza alipokuuliza, uliuma mdomo mpaka ukatoka damu. Nikajibu mimi ili akuache. Basi nikanaswa. Ningebadilisha maneno, wangekurudia wewe."

"Na leo mbona umeanza kuusikiliza kabla ya kipindi?"

Akaviweka vipokea sauti mezani. "Nimekuja mapema niusikie peke yangu, nijue kama bado unaniuma. Niliogopa ukiisikia sauti yako ya siku ile, utakumbuka kwamba mimi ni wa pili."

"Wa pili? Nimekupigia pasi mashati miaka ishirini."

"Hujawahi. Unasema yatanyooka yenyewe mwilini."

Mshonaji akacheka huku machozi yanamtoka. Mlango ukafunguliwa, mtangazaji akaingia na karatasi zake, fundi akakaa kwenye mitambo. Taa nyekundu ikawaka.

"Wasikilizaji wanauliza kama kila mwaka: wimbo huu uliandikiwa nani?"

Mumewe akavuta pumzi ajibu. Mshonaji akamshika mkono.

"Uliandikiwa marehemu mchumba wangu," akasema. "Na huyu hapa ndiye aliyenifichia kilio changu mpaka leo."

Nyuma ya kioo fundi alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe, anawatazama, hana mzaha tena.

"Piga, shemeji," mshonaji akamwambia. "Upige wote."

Mumewe akasogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha mkewe, wakasikiliza.