Kuku wa Mganga na Mbuzi wa Milembe

Haya yote ni kweli tupu. Nikidanganya, jogoo wangu mwekundu achukuliwe mchana kweupe.

Milembe ni jirani yangu hapa Shishiyu. Alikuwa na mbuzi kumi na tisa. Jumatatu wakafa wanne. Jumanne, watatu. Wengine walitokwa na makamasi mazito na kuharisha. Milembe hakukaa chini. Mara zizini, mara barabarani, mara zizini tena.

Mganga akaletwa. Akapasua kuku, akachungulia ndani, akasema: "Jirani katega sumu bwawani."

Macho yote yakamgeukia Nyanjige, jirani wa kaya ya pili.

"Mimi?" Nyanjige akalia. "Na mbuzi wangu wanakunywa bwawa hilo hilo!"

Milembe akamfungia njia ya kisimani inayopita uwanjani kwake.

Kesho yake akafika Esteria, daktari wa mifugo, na pikipiki yake.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia Milembe kwa Kisukuma, akaona damu na manyoya uwanjani. "Mmepasua nini?"

"Kuku."

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana."

"Sasa ya mbuzi atayajuaje? Nipeni mbuzi aliyekufa leo."

Akavaa glavu, akampasua. Mdomoni, vidonda. Mapafu, mekundu na magumu. Ndani ya utumbo mpana, mistari myekundu kama ya pundamilia.

"Sumu hiyo!" nikasema.

"Hapana, mzee. Inafanana na sotoka ya mbuzi. Inaletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mayu, umeingiza mbuzi mgeni?"

"Beberu. Wa mnadani."

Esteria akakata vipande vya mapafu na tezi, akaviweka kwenye barafu. "Macho yangu hayatoshi. Maabara ithibitishe. Wagonjwa watengwe. Mzoga msile, fukieni. Mbuzi yeyote asipelekwe mnadani."

Siku nne Milembe alizunguka zizi. Jibu likaja: sotoka. Dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Wagonjwa wakatunzwa, wazima wa kijiji kizima wakachanjwa, hata wa Nyanjige. Milembe alibaki na tisa. Akaenda mwenyewe kumwomba Nyanjige radhi, akaifungua njia.

Mimi nikawa nawasimulia watu: "Virusi nilivijua mapema! Nilimtazama mbuzi machoni, nikaiona mistari yote tumboni!"

"Mzee Luhaga," Nyanjige akasema, "mganga alikuja kwa baiskeli ya nani?"

"Yangu," nikakohoa.

"Na kule njiani, nani alimwambia mganga kuwa ni jirani?"

Wakacheka wote, Milembe kuliko wote. Nikaenda bandani kumkamata jogoo wa fidia.

Jogoo mwekundu sasa anawika kwa Nyanjige. Anawika kwa nguvu, mshenzi yule.