Barafu Iliyopotea kwa Mzee Amosi

Saa tano na nusu asubuhi, Jumamosi, Dokta Saada alifungua boksi la chanjo akakuta maji matupu. Kipimajoto kilisoma digrii kumi na nane, na chupa za chanjo zilikuwa zinaelea kama zimekuja pikiniki.

"Imeharibika," alisema. "Yote. Haitakiwi kuvuka digrii nane."

Uani kwa Mzee Amosi, huku juu Mgeta, watu walisogea kuchungulia boksi. Mbuzi wa maziwa sitini na wawili walikuwa wamefungwa kwenye uzio, wakisubiri sindano ya homa ya mapafu. Mwenyekiti Dadi akatoa simu mfukoni.

"Dokta, nisamehe. Mwezi wa tatu chanjo iliharibika kule bondeni, ukapewa onyo. Leo tena? Saa nane napiga ofisini kwenu."

"Mwenyekiti, barafu niliweka. Kilo nne, mapande mawili."

"Basi imekwenda wapi?"

Saada akapekua boksi tena. Onyo la pili ndio mwisho wa mkataba wake, na Mwenyekiti alilijua hilo.

Nyuma ya umati alisimama Innocent, mwalimu wa kemia wa sekondari ya kata, ameshika kamba ya mbuzi mmoja. Huyo mbuzi ndiye familia yake yote. Miaka minne ameishi peke yake kwenye nyumba ya walimu, na jioni alikuwa akimfundisha yule mbuzi jedwali la elementi. Walau hakuwa mtoro.

"Mwenyekiti, nipe mpaka hiyo saa nane," alisema.

"Mwalimu, hapa hakuna mtihani."

"Upo. Msahihishaji ndiye hajafika."

Akaanza na Saada. Barafu iliwekwa Morogoro Mjini saa kumi na mbili kamili. Saa tatu na nusu walifika hapa, Saada akafungua kukagua: digrii tatu, mapande mazima, maji kidogo chini, kama robo lita. Akaliacha boksi kibarazani kwa Mzee Amosi, akaenda kuita wenye mbuzi.

"Pazi!" Innocent alimgeukia dereva wa bodaboda aliyemleta dokta. "Soda yako mbona ya baridi?"

Pazi akaificha chupa mgongoni, akachelewa. Watu wakaguna.

"Mwalimu, soda mbili tu! Nimezitia saa nne kasorobo, nimezitoa saa nne na robo. Barafu niliiacha ipo, wallahi. Halafu nikashuka mtoni kuosha pikipiki."

"Mwizi huyo!" mtu alipaza sauti. "Soda zake ndizo zimeyeyusha!"

Innocent akachukua kijiti, akaandika kwenye vumbi. "Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kilojuli mia tatu thelathini na nne za joto. Soda mbili zikipoa zinatoa sitini hivi. Hizo haziyeyushi hata robo kilo. Pazi ana tamaa, ila hesabu inamwachia."

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru. Ungeniletea na mimi."

Akamwendea mwenye nyumba, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya mlango. Mzee Amosi alifiwa na mkewe mwaka juzi. Watoto wake wako Dar es Salaam, na simu zao huja kwa nadra.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Ndizi zako zipo shimoni. Nimevundika Jumatano, Jumatatu utakula."

Innocent alitazama shimo la kuvundikia, pembeni ya migomba. Mvua haikunyesha tangu Alhamisi. Udongo wa uani ulikuwa umekauka na kupasuka. Ule wa juu ya shimo ulikuwa mweusi, mbichi.

"Nani alikaa karibu na boksi, mzee?"

"Mimi. Nani mwingine hukaa hapa?"

Innocent akapima maji ya boksi kwa kibaba cha lita: lita nne kamili. Akaazima kipimajoto cha Saada, akakitumbukiza kwenye mtungi wa kibarazani. Digrii kumi na nane. Mtungi wenyewe ulikuwa nusu, ingawa kata ya kuchotea ilikuwa kavu na hakuna aliyeonekana kunywa.

Saa saba na dakika ishirini akawaita wote.

"Kutoka mjini mpaka hapa, mwendo wa saa tatu na nusu, boksi limeyeyusha robo kilo. Maana yake linaingiza kilojuli ishirini na nne kwa saa. Kwa saa mbili za hapa, arobaini na nane. Ili barafu iliyobaki iyeyuke yote, na maji yafike digrii kumi na nane, zinatakiwa zaidi ya elfu moja na mia tano. Mara thelathini! Jua la Mgeta lina jeuri hiyo?"

"Labda wamemwagia maji ya moto," alisema Dadi.

"Ingebidi karibu lita tano za kuchemka. Tungekuta lita tisa humu. Zipo nne. Mwenyekiti, barafu haikuyeyuka. Imetolewa, yakatiwa maji ya mtungi. Na kama haikuyeyuka, bado ipo." Akanyoosha kijiti. "Fukueni shimo lile."

Mzee Amosi akasimama. "Msifungue! Ndizi zitaharibika!"

"Mzee, shimo la Jumatano lina udongo wa leo."

Pazi akafukua kwa mikono, kwa bidii ya mtu aliyeponea chupuchupu. Chini ya majani makavu, juu ya ndizi mbichi, yalilala mapande mawili ya barafu, yanang'aa.

"Lakini humo mna joto!" Mzee Amosi alinong'ona. "Ndizi zinaiva kwa joto lake. Nilijua mpaka saa hizi imekwisha."

"Joto lipo, mzee. Ndizi inapumua, wanga unageuka sukari. Lakini mkungu mmoja hautoi hata kilojuli kumi kwa saa. Barafu hii ingekaa humo siku tano. Na majani uliyoifunikia yameikinga na joto la nje."

Dadi alitweta kwa hasira. "Mbuzi sitini na wawili, Amosi! Wakifa? Kwa nini?"

Mzee alimtazama Saada, si mwenyekiti.

"Safari iliyopita ulikaa hapa saa mbili nzima, mwanangu. Ukanywa chai. Ukaniuliza mke wangu alikuwa mtu wa wapi. Nikasikia leo ndio mwisho wa kuja kwako, mpaka mwakani. Nikasema, chanjo ikiharibika, atarudi wiki ijayo."

"Wangenifukuza kazi, baba."

"Hilo sikulijua."

Saada alifuta macho kwa ukingo wa mtandio, akaandika taarifa yake yote, jina la mzee likiwemo. Dadi akatia sahihi, kisha akatangaza: Jumamosi ijayo chanjo itatolewa shuleni, na tangu leo hakuna mgeni wa serikali atakayefikia kwa Amosi.

Kufikia saa nane ua ulikuwa mtupu. Pikipiki ilisikika ikishuka kona baada ya kona, kisha haikusikika tena. Mzee Amosi alibaki akirudishia udongo kwa mguu.

"Shuleni mbali," alisema. "Magoti haya hayafiki na mbuzi wanane."

"Nitakuja kuwachukua," alisema Innocent. "Jumamosi, saa mbili asubuhi."

"Saa mbili kweli?"

"Kweli, mzee."

Mzee Amosi alifikiri kidogo.

"Njoo saa moja. Tunywe chai kwanza."