Asiniguse Huyu

Machela iliingia chumba cha dharura adhuhuri, wagonjwa wamejaa hadi ukumbini. Daktari alipoinua macho, akakutana uso kwa uso na mwanamume aliyekuwa mchumba wake. Shati lake la samawati lilikuwa limelowa jasho. Kwenye machela alilala mama wa mwanamume huyo.

"Asali!" jina lilimponyoka mwanamume.

"Niite daktari. Asali iligeuka shubiri mwaka jana. Mama ana nini?"

"Kaanguka jikoni. Uchovu tu. Muuguzi kampima presha, iko sawa."

Mama alikuwa akijigeuzageuza, pumzi zikija juu juu. Alipomtambua aliyevaa koti jeupe, akavuta mkono.

"Asiniguse huyu!"

Siku ya posa pia alimkataa hivyohivyo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na mwanawe akainamia sakafu asiseme neno. Leo tena alikuwa ameinamia sakafu.

"Mama, nichukie ukishapona," daktari alisema, akaukamata ule mkono.

Ulikuwa wa baridi, unateleza kwa jasho. Mapigo yalikwenda mbio, membamba kama uzi. Akabonyeza ukucha ukawa mweupe. Alipouachia, wekundu ulichelewa kurudi. Akavuta kope la chini la jicho, ndani kumepauka. Alipominya tumbo, mama akaguna kwa uchungu.

"Si umeambiwa presha ni nzuri?" mwanamume aling'aka. "Unamtesa mama yangu kwa kisasi chako!"

"Hiyo presha ni ya kujikaza. Mwili unainyima mikono na miguu damu ili moyo na ubongo vipate. Ukichoka kujikaza, itaporomoka ghafla. Sasa nipishe." Akamwinamia mgonjwa. "Mama, choo chako ni cheusi?"

Mama akageuza uso. Daktari akauliza tena, taratibu zaidi.

"Kama lami," mama alinong'ona hatimaye, bila kumtazama.

"Unakunywa dawa za maumivu?"

"Za magoti. Kila siku."

"Anavuja damu tumboni," daktari alimwambia muuguzi. "Oksijeni. Dripu mikono yote miwili, sindano nene. Damu iletwe mbio, na daktari wa upasuaji aitwe."

Kabla mpasuaji hajafika, presha iliporomoka kweli, mama akaacha kujigeuza, akatulia utulivu wa kutisha. Lakini damu ilikuwa tayari inaingia mishipani. Mwanamume alisukumwa nje, akabaki akiukumbatia mlango.

Kesho yake, daktari akiwa kwenye sinki la wodi, simu ililia. Akaipokea kwa kiwiko na kuiweka kwenye spika.

"Kaamka, mpenzi. Anaongea! Kauliza nani aliyemwokoa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia... daktari."

"Daktari gani?"

"Bado mdhaifu, Asali. Sikutaka apandwe na hasira. Tumpe muda, nitakuja kwenu upya, safari hii nitakuoa hata iweje. Nakupenda, wallahi."

"Najua unanipenda. Hilo halijawahi kukushinda. Linalokushinda ni kulitaja jina langu mbele ya mama yako."

"Asali, nisikilize..."

"Mpe pole mama. Na zile dawa za magoti asiziguse tena."

Akakata simu kwa kiwiko. Chozi likamshuka mpaka kidevuni, hakulifuta. Mikono ilikuwa imejaa povu la sabuni, na mgonjwa mwingine alikuwa akimngoja.