Fundi Viatu na Miguu ya Mkewe

Fundi viatu alifanyia kazi kwenye kibanda kilichoegemea nyumba yake, karibu kabisa na mlango. Alipenda kazi yake na alipenda kupiga soga. Ukimpelekea kiatu kilichochanika, ulirudi na kiatu kizima na habari za mtaa mzima.

Mkewe alikuwa na mimba yao ya kwanza, na mwezi wa nane ulikuwa umeingia. Miguu yake ilipoanza kujaa, fundi hakuhangaika. Alikata mikanda ya sandali zake, akaunga ngozi, akazitanua. Zilipombana tena, akazitanua tena.

"Mke wa fundi haumizwi na kiatu," alijisifu.

Mchana mmoja alikuwa anazitanua kwa mara ya tatu wiki ile ile. Mama yake mzazi alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mkewe alikuwa chumbani, amejifunga kitambaa kichwani.

"Kichwa bado?" fundi aliuliza.

"Bado. Nimempa dawa ya maumivu, amelala," mama alijibu. "Mwache mwenzio. Mimba ni mzigo. Sote tuliubeba."

Mara akatokea Nesi Mbio. Huyu alikuwa jirani yao, mkunga wa hospitali. Waliomwita Mbio hawakukosea, maana hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole. Alikuwa ameleta viatu vyake vya kazini vitiwe soli mpya.

"Shemeji, umemaliza? Jioni naingia kazini."

"Kimoja tayari. Cha pili kinakuja."

"Na hizo sandali ni za nani? Za tembo?"

Fundi alicheka. "Za mke wangu. Mara ya tatu wiki hii. Huyo aliye tumboni ni dume la nguvu."

Mbio hakucheka. Alichukua sandali moja, akatazama ngozi iliyoungwa juu ya ngozi.

"Imevimba miguu tu, au na uso?"

Fundi alifikiri kidogo. "Uso nao umejaa. Leo hata macho yamekuwa madogo. Mama anasema amependeza."

"Yuko wapi?"

"Amelala, kichwa kina..."

Hakumaliza. Mbio alikuwa ameshavua ndala mlangoni na kuingia. Akaketi kitandani, akamshika mgonjwa mkono. Vidole vilikuwa vimevimba.

"Mdogo wangu, kichwa kinakuumaje?"

"Kinapasuka, dada. Dawa haisaidii."

"Macho je?"

"Naona vimulimuli. Nilidhani ni usingizi."

"Hapa juu ya tumbo, chini ya mbavu?"

"Panauma tangu asubuhi."

Mbio akatoka. "Shemeji, tafuta gari. Sasa hivi."

"Gari la nini?" mama aliuliza. "Uchungu haujaanza. Na wiki iliyopita kliniki walisema yuko sawa. Apumzike, kesho tutaona."

Mbio alichuchumaa mbele yake. "Mama, wiki iliyopita alikuwa sawa kweli. Lakini presha ya mimba hupanda ghafla. Miguu kuvimba kidogo jioni, wajawazito wengi huvimba. Ila uso na mikono vikivimba ghafla, kichwa kikauma sana, macho yakaona ukungu au vimulimuli, hapo hatungoji kesho. Anaweza kushikwa na kifafa cha mimba. Tunaweza kumpoteza yeye na mtoto."

"Umejuaje bila kipimo?"

"Sijajua, mama. Ndiyo maana nataka apimwe. Tukikuta hana kitu, nitakuomba radhi mbele ya majirani wote."

Mama akasukuma sinia la mboga pembeni, akaingia ndani kuchukua kadi ya kliniki na nguo za mtoto.

Fundi alikwishaondoka mbio. Mteja mmoja alimfuata kwa sauti, "Na viatu vyangu?"

Garini, Mbio alimlaza mgonjwa kwa ubavu wa kushoto. Akapiga simu hospitali ili wajiandae. Kisha akawageukia fundi na mama yake.

"Nisikilize, shemeji, uzijue na dalili nyingine. Damu ikitoka, hata kidogo. Maji yakivuja kabla ya wakati. Homa kali. Kupumua kwa shida. Mtoto akipunguza kucheza. Ukiona moja tu, nenda hospitali. Usingoje ya pili."

Hospitali walikuta presha imepanda sana, na mkojo una protini. Wakamchoma sindano ya kuzuia kifafa, wakampa dawa za kushusha presha. Jioni daktari akaamua kumfanyia upasuaji.

Alizaliwa mtoto wa kike, mdogo kwa mwili, mkubwa kwa sauti.

"Dume lako hilo," mama alimwambia fundi, huku machozi yakimtoka.

Mbio alikuwa ameanza zamu yake. Fundi alimwona akipita kwenye ujia na ndala za kuazima zinazompwaya, maana viatu vyake vilibaki kibandani, na bado hakuna aliyeweza kumfikia. Akamsimamisha ili amshukuru.

"Dada yangu naye tulimwambia apumzike," Mbio alisema taratibu. "Asubuhi hakuamka." Alimpiga fundi bega, akaendelea na wagonjwa wake.

Mke alikaa hospitali siku kadhaa akipimwa presha, kwa sababu hatari hiyo inaweza kuja hata baada ya kujifungua. Alirudi nyumbani mzima, na mtoto akanenepa.

Asubuhi moja, miezi mingi baadaye, mama alikuwa anamwogesha mjukuu wake. Jirani yao mshona nguo, mjamzito, alipita kusalimia.

"Wa kwangu ametulia tangu jana," alisema, akipapasa tumbo. "Labda naye amechoka na kelele za cherehani."

Mama alimfunga mjukuu taulo, akampakatisha fundi pale pale katikati ya viatu.

"Shika mtoto wako."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Hospitali, na huyu."

Mshona nguo alicheka kwa aibu. "Mama, nilisema tu. Hata siumwi."

"Nimekusikia. Chukua kadi yako."

"Na wakikuta mtoto hana neno?"

"Tutarudi tukicheka," mama alisema, akamshika mkono, wakaondoka.