Fulana Iliyoliwa na Udongo

Mama Usafi alikuwa na ufagio wa ndani, ufagio wa uani, na ufagio wa shamba. Ndiyo, wa shamba! Kila akishavuna alikusanya mabua yote, akayachoma, kisha akafagia hata majivu. Udongo ukabaki mtupu, unapigwa na jua. Majirani ndio waliompa jina hilo, na yeye alilipenda.

Lakini mahindi yalitoka mafupi na ya njano. Mvua ikinyesha, maji hayakuzama. Yaliteleza juu ya udongo, yakaenda zake mtaroni.

"Mahindi yakikataa tena, mimi naondoka," mumewe alimwambia siku moja wakila. "Rafiki yangu ananiita kwenye machimbo ya mawe. Kurudi sijui lini."

Mama Usafi alisogeza sahani kando. Alimpenda mumewe, na machimbo hayo aliyaogopa.

Asubuhi alimwendea wifi yake, dada wa mumewe. Wifi huyo alikuwa bibi shamba. Kazi yake ilikuwa kuwashauri wakulima.

"Wifi, nisaidie. Udongo wangu umechoka, au umenichoka mimi?"

"Tuuulize wenyewe. Nitafutie fulana kuukuu ya pamba."

"Fulana ya nini?"

"Ya kuulisha udongo."

Mama Usafi alicheka. Alidhani ni utani wa mawifi. Lakini moyoni alitaka kujua. Udongo unakula nguo? Akaenda kuchukua fulana ya mumewe.

"Jamani! Fulana yangu imekosa nini?" mume akalalamika.

"Iage tu, kaka," dada yake akamjibu.

Waliichana vipande viwili. Kimoja wakakifukia katikati ya shamba. Cha pili wakakifukia pembeni, chini ya miti, mahali ambapo majani huanguka na kuoza bila kufagiwa. Kila walipofukia wakachomeka kijiti.

Weee! Tangu hapo Mama Usafi hakutulia. Akipita, anainama. Akirudi, anainama tena. Mara alishika jembe afukue.

"Subira, wifi!" dada wa mumewe akamzuia. "Udongo bado uko mezani."

Mvua zilipokaribia kwisha, walifukua wote watatu. Kipande cha shambani kilitoka kizima, kina matope tu.

"Hiki kikifuliwa kinafaa kiraka," mume alisema.

Wakaenda chini ya miti. Udongo wa huko ulikuwa mweusi na laini. Nyungunyungu walijikunja, vijidudu vikakimbia huku na huku. Kitambaa hakikuwapo. Ulibaki mshono wa shingo tu, wa uzi wa nailoni.

"Mungu wangu! Nani kakila?" Mama Usafi akauliza.

"Wafanyakazi," wifi alisema. "Nyungunyungu, vijidudu, na viumbe wadogo ambao macho hayawaoni. Wanakula majani makavu, wanatengeneza chakula cha mimea. Wanatoboa vijia ardhini, maji yanazama."

"Na shambani kwangu?"

"Wamebaki wachache. Unawachomea chakula, unawaacha juani. Ukilima unapindua udongo wote, unabomoa vijia vyao."

Mama Usafi aliona aibu. Hata hivyo akauliza, "Nikiwalisha, watarudi?"

"Watarudi, ila polepole."

Mume alikuwa bado ameshika ule mshono, anaugeuzageuza. "Nitangoja msimu mmoja," alisema. "Nataka kuwaona hao wafanyakazi."

Mabua hayakuchomwa tena. Waliyalaza juu ya udongo kama mkeka. Hawakulima shamba zima. Walichimba mashimo ya kupandia tu, wakatia samadi iliyooza. Katikati ya mahindi wakapanda kunde.

"Mama Usafi siku hizi mchafu!" majirani wakamtania.

"Mchafu kabisa," alijibu.

Mvua kubwa ikaja. Maji yakazama. Mahindi hayakuwa ya ajabu, lakini yalikuwa ya kijani, na yalibeba.

Ndipo rafiki wa machimbo alipokuja kumchukua mume. Alimkuta amepiga magoti shambani, anafunua mabua kwa kidole.

"Vipi, twende? Nafasi yako ipo."

"Mpe mwingine, ndugu yangu," mume alisema. "Mimi nina mahindi ya kuvuna. Hebu njoo kwanza uone nyungunyungu alivyonenepa!"

Mama Usafi alikuwa akichuma kunde hapo karibu. Alisikia kila neno. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka.